Mashine ya Boti Haichaguliwi Dukani

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka kwa hasira, na hasira yenyewe haijapoa mpaka leo. Watu husema mtu akizeeka moyo hupoa. Wangu umepoa kwa mengi. Waliodhulumu kiwanja cha mama yangu nimewasamehe, na jirani aliyenisema miaka na miaka siku hizi tunapikiana futari. Lakini hili la mashine ya boti likitajwa mbele yangu, damu bado inanipanda kama nilipokuwa na miaka ishirini na minane.

Na juzi limetajwa. Umekuja hapa Tandale, umekaa kwenye mkeka wangu, ukatoa simu ukanionyesha picha ya mota ya betri. Nyeusi, inang'aa, imefungwa nyuma ya kiboti cha kizungu kwenye maji yaliyotulia kama ya kwenye beseni. Ukaniuliza, "Shangazi, nichukue ya nguvu ya paundi hamsini na tano au ya themanini?" Mie nikanyamaza. Ukadhani shangazi hajui paundi ni nini. Najua, mwanangu, sie tulikuwa tukiziita ratili. Nilinyamaza kwa sababu ningefungua mdomo saa ile ningekutukana, nawe hukustahili. Wa kutukanwa alikuwa mwingine. Sasa nimetulia kidogo, ngoja nikwambie.

Babu yako, yaani baba yangu, alipofariki aliniachia boti. Kaka zangu walipata nyumba, mie nikapata boti, na watu walicheka: mwanamke na boti wapi na wapi? Ilikuwa boti ya mbao ya futi kumi na sita, nyembamba, imetengenezwa palepale pwani ya Kunduchi na fundi aliyejua kazi yake. Ukiona vyaelea vimeundwa. Nyuma ilikuwa na mashine kuukuu ya nguvu za farasi nane. Ilikuwa ikikohoa kila ikiwashwa, lakini ikishawaka, imewaka.

Mie kazi yangu ilikuwa kukaanga samaki, nauza hapa sokoni Tandale. Boti nilimwachia Mzee Kibwana, aliyekuwa nahodha wa baba tangu mie sijaota meno. Mtu mrefu, mkimya, mwenye viganja vipana kama makasia. Alikuwa akienda na mwenzake mmoja, Juma, nje ya kisiwa cha Mbudya huko, wanarambaza. Unajua kurambaza? Siku hizi mnasema tu "kuvua". Kurambaza ni kuburuta mshipi wa ndoana nyuma ya boti huku boti inakwenda taratibu, mwendo mmoja, ili chambo kionekane kama samaki mdogo anayekimbia. Nguru akikiona anakifuata. Boti ikienda mbio, chambo kinaruka juu ya maji, samaki anacheka. Ikisimama, kinazama. Kazi yote iko kwenye mwendo.

Hayo mie sikuyajua. Nilikuwa na boti miaka mitatu na sijawahi kuipanda ikiwa kazini hata siku moja. Nilikuwa nawapokea samaki pwani, naondoka nao. Nilijua bei ya nguru, sikujua nguru anavuliwaje.

Basi ile mashine ya farasi nane ikafa. Fundi akaifungua, akatikisa kichwa, akaifunga. Nikasema haya, nina fedha za upatu, nina akiba yangu ya mwaka, nitanunua mpya. Mzee Kibwana akaniambia, "Mwantumu mwanangu, siku ya kwenda dukani tuongozane."

Nikamwitikia, "Sawa, Mzee." Na moyoni nikasema: mbona anataka kunisimamia? Boti ya baba yangu, fedha yangu, kwani mie mtoto? Unaona kiburi kinavyoanza? Hakiji na ngoma. Kinakuja kama kineno kidogo cha moyoni, nawe unakiona ni haki yako.

Nikaenda peke yangu.

Duka lenyewe silitaji, na mwenyewe simtaji, kwa sababu sitaki jina lake likae mdomoni mwangu. Lilikuwa mjini, limepangwa mashine ukutani kama nyama kwa bucha. Muuzaji alikuwa kijana mtanashati, shati jeupe, kalamu mfukoni. Neno lake la kwanza: "Karibu sista. Mzee mwenye boti yuko wapi?"

"Mwenye boti ni mimi," nikamjibu.

Akanitazama juu mpaka chini, akatabasamu. Nami nikaliona lile tabasamu, mwanangu, nikaapa kwamba sitatoka mle na kitu kidogo. Naye alikuwa mjanja, alikisoma kiapo changu usoni. Akaziruka zile mashine ndogo zote, akanipeleka moja kwa moja kwenye ya farasi arobaini. Nyekundu. Akaipiga kofi mgongoni kama mtu anayeuza ng'ombe. "Basi sista, mwenye boti anunue mashine ya mwenye boti. Hizi ndogo ni za watu wa kuunga unga. Boti yako ikipata hii inapaa."

"Inafaa kwa uvuvi?"

"Inafaa kwa kila kitu."

Hayo tu. Hakuniuliza boti ina futi ngapi. Hakuuliza inabeba watu wangapi, inavua nini, wala wapi, wala ule ubao wa nyuma unaobeba mashine una unene gani. Mwuza viatu huuliza namba ya mguu! Hata mie nikikuuzia samaki nakuuliza ni wa kukaanga au wa kupika mchuzi. Huyu anauza kitu ambacho watu wataweka roho zao juu yake, hakuuliza swali hata moja. Na mie sikumwambia. Tulikuwa wajinga wawili, ila mmoja wetu alikuwa analipwa kwa ujinga wake.

Mashine ikafika Kunduchi juu ya kigari, watu wakajaa. Wanawake wenzangu wa samaki wakapiga vigelegele, nami nikavimba. Mzee Kibwana akaizunguka mara mbili. Hakupiga kigelegele. Akainama, akaupima kwa shubiri ule mguu wake, yaani kile chuma kinachoshuka majini kikiwa kimeshika rafadha, mnayoiita propela. Akaugusa ubao wa nyuma wa boti. Akaninong'oneza, asiniaibishe mbele za watu:

"Mwanangu, hii ni ya boti ya futi ishirini na tano. Nzito hii. Na mguu wake mrefu, utatugonga kwenye mwamba maji yakitoka. Irudishe mapema, haijaingia chumvi."

Nikamjibu kwa sauti kubwa ili wote wasikie, "Mzee, itumie tu. Utaizoea."

"Mimi nitaizoea," akasema. "Boti haitaizoea."

Sikuielewa ile kauli. Nilidhani ni maneno ya wazee.

Wiki zikapita. Boti sasa ilikuwa imekaa kama kuku aliyeatamia, nyuma imezama, mbele imeinuka. Mzee akiiongeza moto, inaruka ruka mpaka maji yanaingia. Akiipunguza apate ule mwendo wa kurambaza, mashine inatoa moshi, plagi zinajaa masizi, inazima. Mashine kubwa haipendi kutembea pole. Ikawa wanawasha, wanazima, wanafungua plagi, wanasugua, wanawasha tena. Mafuta inakunywa kama ngamia. Samaki wakapungua. Siku nyingine nilikuwa napokea vibua wanne na maelezo marefu.

Nikarudi dukani kulalamika. Yule kijana hata kiti hakunipa. Akauliza, "Nani anaiendesha?"

"Mzee mmoja, nahodha wa siku nyingi."

Akacheka. "Hilo ndilo tatizo lako, sista. Wazee wa pwani wamezoea makasia. Mashine hii inataka mtu anayejua. Mwambie aache kuiua."

Na mie, mwanangu, nililibeba neno lile. Nililibeba kutoka mjini mpaka Kunduchi kama mtu aliyebeba maji kichwani, lisimwagike hata tone. Nilimkuta Mzee Kibwana amekaa na wenzake wanatengeneza ndoana. Sikumwita pembeni. Nikasimama pale pale, watu kama kumi wanasikia, nikamwambia, "Mzee, kijana wa dukani amesema tatizo si mashine, tatizo ni wewe. Mambo yako ya kizamani ndiyo yanaiua. Kama huiwezi sema, nitafute mwingine."

Mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo! Aliyemwosha baba yangu siku ya maziko! Alinitazama kidogo, kisha akatazama ndoana zake. Akasema, "Haya." Neno hilo moja tu. Wenzake waliinamisha vichwa, na mie nikaondoka nikidhani nimeshinda. Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile wangu ulivunja mifupa ya watu.

Kesho yake wakatoka, na kesho kutwa. Siku ya tatu nilifika pwani alasiri na beseni zangu, boti siioni. Nikakaa. Boti nyingine zikaja, yangu haipo. Kukawa na upepo, mawimbi yanatoka nje yanakuja nchi kavu. Hatimaye tukaona boti kubwa inakuja taratibu, imefunga kamba nyuma, na mwisho wa kamba ni boti ya baba yangu, imejaa maji mpaka katikati.

Nilikuja kuelezwa na Juma baadaye. Walikuwa wanarudi, mashine ikazima kama kawaida yake. Boti iliposimama, wimbi lililokuwa likiwafuata likaingia kwa nyuma, kwa sababu nyuma imezama. Likaja la pili. Wakati Juma anakumba maji kuyamwaga nje, ubao wa nyuma ukatoa mlio, ukapasuka kwa ule uzito. Mashine ikalala upande, inataka kwenda chini. Na Mzee Kibwana akaikumbatia. Akaikumbatia, mwanangu! Mashine asiyoitaka, aliyosema irudishwe, aliyotukanwa kwa ajili yake. Juma anampigia kelele, "Iache, Mzee, iende!" Naye anasema, "Si yangu, mali ya watu hii." Boti ikapigwa na wimbi, mkono wake ukabanwa kati ya mashine na ubavu wa boti. Hakuiachia mpaka Juma alipoifunga kamba.

Sasa sikiliza nilichofanya mie. Ninakwambia ili unijue, usidhani shangazi yako alikuwa mtu wa maana siku zote. Boti ilipogusa mchanga niliingia majini mpaka magotini. Mzee Kibwana alikuwa amekaa katikati ya maji, mkono ameuzungushia shati, shati limekuwa jekundu. Nami nikampita kwa macho, nikatazama nyuma, nikauliza:

"Mashine imepona?"

Juma akaniambia pole pole, "Muulize kwanza mwenye mkono."

Nikahisi mtu amenishika bega. Alikuwa Bi Siwema, mke wa Mzee Kibwana, mwanamke mfupi, mpole, sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Siku ile hakuipandisha pia. Afadhali angepiga kelele.

"Mwantumu," akasema, "ulipokwenda kununua hicho chuma ulimuuliza nani?"

Akanigeuza nimtazame Mzee Kibwana.

"Nakuuliza. Anayekwenda nacho baharini ni nani? Wewe?"

"Hapana, mama."

"Yule kijana wa dukani?"

"Hapana."

"Anayekwenda ni huyu hapa. Usiku nalala naye mimi, naye anaamka anajiuliza leo boti itarudi au haitarudi. Nikamwambia acha kazi hii. Akasema, marehemu aliniomba nimwangalie mwanawe. Akakuangalia. Wewe umemwangalia lini?" Akaniachia bega. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini ungeuliza, binti. Kuuliza kulikuwa bure."

Akamshika mumewe, wakaondoka. Nikawafuata nyuma mpaka hospitali kama mbwa aliyefukuzwa. Vidole viwili vilikuwa vimevunjika. Vilipona, lakini vilipona vimepinda, na mpaka anaingia kaburini hakuweza kufunga ngumi.

Usiku ule sikulala, na asubuhi nilikuwa mlangoni mwa lile duka kabla halijafunguliwa. Yule kijana aliponiona akaanza na sista wake. Nikamwambia, "Leo usiniite sista. Nijibu mbele ya hawa wateja wako. Siku niliyonunua mashine hapa, uliniuliza boti yangu ina futi ngapi?"

"Ungesema, mama."

"Uliniuliza?"

"Wewe mwenyewe ulitaka kubwa."

"Uliniuliza?"

Akageuka kwa mteja mwingine. Nikapandwa na hasira, nikapiga meza, nikasema maneno ambayo hayafai kutamkwa. Aliita mlinzi. Mlinzi alikuwa mtu mzima, akanitoa kwa heshima, akaniambia nje, "Mama, hata mimi nawaona kila siku. Wanakuja na kidogo chao wanarudi wanalia." Duka halikurudisha chochote, halikuomba radhi, liliendelea kuuza. Hilo ndilo linaloniunguza hadi leo. Alijua! Mtu anayekaa na mashine kila siku anajua ipi ni ya boti gani. Aliniona nimevimba, akanipima kiburi badala ya kunipima boti. Na nilimsaidia. Aliyoyasema kuhusu wazee wa pwani hayakuwa na miguu, yalikuja Kunduchi kwa miguu yangu.

Baada ya wiki chache nilikwenda nyumbani kwa Mzee Kibwana. Nilipiga magoti mlangoni, nikamwomba radhi mbele ya mkewe. Akaniambia inuka. Hakusema nimekusamehe, wala hakusema sijakusamehe. Aliuliza, "Mashine iko wapi?"

Nikamwambia iko kwa fundi, imeoshwa, inafanya kazi. Akafikiri. Akasema yuko mtu mwenye boti ya futi ishirini na sita anayebeba nyavu na watu wengi, naye ana mashine ya farasi kumi na tano isiyomtosha. "Twende tukamwone. Lakini leo wewe utanyamaza."

Nikanyamaza. Mkono wake ukiwa bado una bandeji, aliikagua ile mashine ndogo asubuhi nzima. Akaupima mguu wake kwenye boti yangu, iliyokuwa imeshatiwa ubao mpya, akaonyesha rafadha inavyotakiwa kuzama kiasi cha shubiri tu chini ya kitako cha boti. Ikiwa juu zaidi, wimbi likiinua boti inatafuna hewa. Ikizidi kwenda chini, inatafuta miamba. Akamwambia Juma aingie botini, na mie niingie, na ndoo tatu za mchanga ziingie badala ya samaki. "Boti haipimwi tupu," akasema. "Tupu harudi nayo mtu nyumbani, labda siku ya njaa."

Ndipo nikaenda baharini na boti yangu kwa mara ya kwanza. Nilitapika kabla hatujafika mbali, hakuna aliyenicheka. Mzee akaipunguza mwendo, ile mashine ikanguruma kwa sauti moja, haizimi, haitoi moshi, boti inakwenda kama mtu anayetembea na mtoto. Akatupa mshipi, akanipa niushike. Nikauhisi unavyotetemeka kidoleni. Akaniambia, "Huu ndio mwendo uliokuwa ukiutafuta dukani." Kisha akaigeuza boti uso kwa upepo na mkondo, akaongeza moto, aone kama ina nguvu ya kuturudisha siku bahari ikikataa. Ikapanda mawimbi. "Hiyo ndiyo nguvu," akasema. "Ya kukurudisha. Ya kujionyesha haina kazi."

Tulibadilishana na yule bwana, kila mtu akapata kinachomfaa. Nilifurahi kama mwali. Tuliporudi pwani nikamwambia, "Mzee, basi kesho utoke nayo."

Akaifunga kamba, akaifuta mikono yake. "Mashine hii itakufaa, Mwantumu. Mwambie Juma ndiye nahodha, anajua. Mie nimeshapata boti ya mtu mwingine."

"Mzee, nimekuomba radhi."

"Nimesikia, mwanangu. Nami sina kinyongo, nikifa nisalie. Lakini chombo ambacho mwenyewe haniamini, siwezi kukipanda mara ya pili. Nikikipanda nitakuwa nakuogopa wewe, na baharini mtu hatakiwi kuogopa vitu viwili."

Akaenda zake. Akaishi miaka mingi baada ya hapo, kila tukikutana namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba vizuri, ananiulizia watoto. Boti yangu hakuigusa tena. Juma alikuwa nahodha mzuri, nguru walirudi, nilisomesha watoto kwa boti ile. Lakini yule mzee nilimpoteza nikiwa hai naye akiwa hai, na si bahari iliyonipotezea.

Sasa, mwanangu, turudi kwenye simu yako. Sikukatazi mota ya betri. Wanaosema vya kisasa vyote vibaya ni wavivu wa kujifunza. Nimeambiwa haina moshi, haina kelele, na mwendo wa pole ndio kazi yake hasa, na kwa kurambaza hilo ni jambo jema. Ninachokukataza ni kuuliza hamsini na tano au themanini kabla hujajiuliza mengine. Ile ya kwenye picha ni ya maji baridi, ya maziwa na mabwawa, au imetengenezwa kwa chumvi? Maana chumvi yetu inakula chuma kama mchwa anavyokula mlango, na muuzaji hatakwambia usipomshika shati. Mguu wake unafika wapi kwenye boti yako, wakiwa wamekaa watu wawili na samaki na barafu? Betri ina uzito gani, na utaiweka wapi isije ikaizamisha nyuma? Itakwenda saa ngapi ukiwa umeibana moto wote, upepo unakupiga usoni? Wauzaji hukupa saa za maji yaliyotulia. Kwenda na mkondo hata gogo linakwenda. Pima ya kurudi. Na kama mota hiyo ni ya kurambazia tu, beba na kitu kingine cha kukurudisha, hata makasia, usione aibu.

Muuzaji asiyekuuliza boti yako ina futi ngapi, toka dukani kwake. Usimwage maneno kama mie, toka tu. Huyo hajali kama utarudi nyumbani. Na akikusifu kabla hajakuuliza, toka mbio.

Lakini kubwa kuliko yote, kwa sababu nimesikia wewe hutakwenda baharini mwenyewe, utamweka Shabani wa pale Kunduchi: mpeleke Shabani dukani. Mwache aishike mashine kabla wewe hujatoa fedha. Akisema ndogo yatosha, ndogo yatosha. Akisema hii hapana, ni hapana, hata kama macho yako yameshaipenda. Mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Na mambo yakiharibika, na wakati mwingine yataharibika hata ukichagua vizuri, usikimbilie kumlaumu aliye botini kwa maneno ya aliye dukani. Akirudi pwani mtazame usoni kwanza, uulize hali yake. Chuma hununuliwa tena.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mkono wa kuchagua na sikio la kusikia, akuepushe na sifa za watu wasiokutakia mema. Wanaokufanyia kazi warudi kila siku na viungo vyao kamili, wakukute unawangoja wao. Na riziki yako iwe ya halali, iwe nyingi, na isimgharimu mtu mwingine hata kidole. Amina.